Kutu na Amana ya Fundi

Wahenga waliosema kuwa kikulacho ki nguoni mwako hawakupata kuiona kutu ikila gari kutoka ndani, chini ya kapeti, huku rangi ya nje ikimeremeta. Lau wangaliiona, wasingalibadilisha hata neno moja katika usemi wao. Kutu ni adui asiyebisha hodi. Huingia na tone la maji, hujificha penye maungano ya mabati mawili, na hufanya kazi yake mwenye gari akiwa amelala na akiwa macho. Siku inapojitokeza juu ya rangi kwa kijivimbe kidogo mfano wa upele, chini yake bati huwa limekwisha zamani.

Mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa habari hii. Anayajua mageti yanayotoka maganda mekundu, anazijua nondo zinazovimba ndani ya zege hata zikaipasua, na anayajua mabati ya paa yanayogeuka rangi ya udongo kabla ya watoto wa nyumba kukua. Pepo zimvumiazo zimebeba chumvi, na chumvi na chuma havikai nyumba moja kwa amani. La ajabu ni kuwa kutu iliyo mashuhuri kupita zote katika habari za magari haikuzaliwa pwani. Imezaliwa katikati ya bara la Marekani, kwenye mji wa Detroit na miji jirani yake, mahali ambapo bahari ya chumvi iko mbali mno.

Sababu ni majira ya baridi. Barabara zinapoganda, serikali za miji humwaga chumvi juu yake, kwani maji yenye chumvi huchelewa kuganda. Theluji huyeyuka ikawa tope, tope hurukia chini ya magari, na humo huganda tena katika kila pembe na kila mfuko wa bati. Maji matupu peke yake hula chuma polepole. Yakitiwa chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, na ule ulaji huenda mbio. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo inapoota baina ya mabati mawili huyasukuma yakaachana, na njia ya maji hupanuka.

Chumvi yenyewe hapo Detroit haikusafirishwa kutoka mbali. Chini ya mji ule, kwa kina cha zaidi ya mita 300, pana mgodi wa chumvi ambao shimo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1910. Chumvi hiyo imeachwa na bahari iliyokauka miaka ipatayo milioni 400 iliyopita. Basi mji uliounda magari kwa mamilioni umekalia mabaki ya bahari, ukayachimba na kuyamwaga juu ya barabara zake, na bahari iliyokufa kabla mwanadamu hajakuwako ikarudi kudai chake katika sakafu za magari.

Miongoni mwa magari yaliyoliwa hivyo ni yale ambayo Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Aghalabu husemwa kwamba mlango wao ulifunguliwa mwaka 1964, pale kampuni ya Pontiac ilipochukua gari la ukubwa wa wastani na kulitia injini kubwa ya lita 6.4, likaitwa GTO. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, kampuni ya Ford ilitoa Mustang, gari jepesi lenye pua ndefu na mgongo mfupi, na kabla ya kutimia miaka miwili yalikuwa yameundwa zaidi ya 1,000,000. Yalikuwa magari ya vijana, ya bei inayofikika, yaliyotengenezwa kwa haraka ili yauzwe kwa haraka. Hakuna aliyeyajenga kwa nia ya kuishi nusu karne. Zama zao hazikuwa ndefu: sheria za kulinda hewa za mwaka 1970, bima iliyopanda, na upungufu wa mafuta wa mwaka 1973 viliwanyamazisha wakubwa wao. Yaliyobaki yaliachwa mabandani, mashambani na nyuma ya nyumba, mpaka wale waliokuwa watoto walipokuwa watu wazima wakaanza kuyatafuta.

Anayelitafuta gari la namna hiyo hulipenda kwa sababu ya sauti na umbo, lakini anachokinunua hasa ni sakafu. Mustang ya zama zile haina fremu ya chuma inayojitegemea chini yake, kama walivyo malori. Bodi yake ndiyo fremu, na sakafu ndiyo uti wa mgongo. Ni mfano wa mtumbwi, ambao ganda lake ndilo chombo chote. Sakafu ikioza, vizingiti vya milango huoza pamoja nayo, gari hulegea katikati kama mnyama aliyevunjika kiuno, na milango hukataa kufunga. Injini iliyokufa huondolewa ikatiwa nyingine kwa siku chache. Sakafu haina njia fupi.

Na sakafu ya Mustang ina msiba wake wa pekee. Mbele ya kioo cha mbele, chini ya vitundu vidogo vya kuingizia hewa, pana mfereji wa bati uliofungwa, ambao maji ya mvua hupita humo yakatokea pembeni. Mabati yake yamechomelewa pamoja, na mkono haufiki ndani kusafisha wala kupaka rangi. Majani hukusanyika humo, yakaoza, yakashika unyevu, na kutu ikatoboa zile shingo ndogo zinazoingiza hewa chumbani. Tangu hapo kila mvua hudondoka juu ya miguu ya waliokaa mbele, na maji hutuama chini ya kapeti. Kwa hiyo mwenye kuibadilisha sakafu bila ya kuutengeneza mfereji huo ametibu jeraha na kumwacha nyoka kitandani. Baada ya miaka michache ataifanya kazi ileile mara ya pili.

Fundi mwaminifu huanza kwa kuvua. Viti hutoka, kapeti hutoka, na chini ya kapeti hutoka tabaka la nyuzinyuzi lililowekwa kupunguza kelele, ambalo hunywa maji mfano wa sifongo na kuyatunza kwa miezi. Kisha hushika bisibisi na kuipima sakafu shubiri baada ya shubiri, akigonga na kusikiliza. Bati zima hulia. Bati bovu hutoa sauti ya kadibodi, na pengine bisibisi hutumbukia ikatokea upande wa pili. Hapo ndipo hukutana na kazi za waliomtangulia. Huona lami iliyopakwa juu ya matundu, bati la kopo lililogongwa ribiti, pengine hata kibao cha barabarani kilichokatwa kikawa kiraka. Juu ya vizingiti hukuta ile puti ya mafundi bodi imejazwa unene wa kidole, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi, ikauzwa. Kila tabaka ni mwenye gari mmoja aliyetaka kulipita tatizo hilo akamwachie mwingine.

Kabla ya kukata lolote, huchomelea mabomba ya chuma ndani ya gari, kutoka nguzo hadi nguzo, katika nafasi za milango. Huyu ni mgonjwa atakayetolewa mbavu, na asipofungwa gango kwanza atalala upande, wala hatanyooka tena. Hupima pembe kwa pembe, kulia na kushoto, akaandika vipimo. Halafu hukata upande mmoja kwanza, akaujenga, ndipo aushike wa pili. Ukiziondoa nguzo zote kwa pamoja, nyumba itasimama juu ya nini?

Swali la kwanza la dhamiri huja na msumeno. Akate wapi? Karibu na tundu bati huonekana zima, lakini kwa chini limekwisha kukwaruzwa na kutu likawa jembamba kama karatasi. Sakafu hizo zilipokuwa mpya unene wake ulikuwa takriban milimita 1 tu, kwa hiyo hapana akiba ya kupoteza. Mwenye haraka hukata palipooza na kuchomelea pale pale pembeni, na moto wa kuchomelea huyayusha bati lile dhaifu likazaa tundu kubwa zaidi. Mwenye subira hurudi nyuma mpaka akute chuma kinachong'ara, japo kwa kufanya hivyo tundu la kiganja huwa tundu la sinia. Inauma kukata kinachoonekana kizima. Lakini kiraka hakishiki juu ya mauti.

Penye maungano ya kiwandani hapakatwi ovyo. Mabati yaliunganishwa kwa madoa madogo ya moto, mamia kwa mamia, na fundi huyatafuta moja moja chini ya rangi, akaliingiza keekee katika kila doa, atoboe bati la juu na kulisaza la chini. Kisha hupitisha tindo jembamba katikati, na bati bovu hung'oka bila ya kulirarua jirani yake. Ni kazi ya siku nyingi, na mtazamaji akija jioni haoni kilichofanyika. Bati jipya huletwa, likajaribiwa, likatolewa, likakatwa kidogo, likajaribiwa tena. Likilaliana juu ya lile la zamani hufanya mfuko wa maji. Kwa hiyo penye kuonekana na penye hatari hukutanishwa ncha kwa ncha. Wala halichomelewi kwa mstari mmoja mrefu, maana joto hulikunja likawa mawimbi. Huchomewa doa hapa, doa kule, hupumzishwa lipoe, mpaka madoa yakutane yawe mshono. Rangi yenye zinki hutangulia katika maungano, na gundi ya kuzibia maji hufuata.

Haya yote huishia chini ya kapeti, mahali ambapo hapana mnunuzi atakayepiga magoti kupatazama. Hapo ndipo ilipo amana ya fundi, na hapo ndipo lilipo swali ambalo ukarabati wote hulizunguka: kitu kikarabatiwe hadi wapi kabla hakijawa kitu kingine?

Kisa cha Mustang mbili kinalisema swali hilo vizuri kuliko hoja nyingi. Mwaka 1968 ilitolewa filamu ya Bullitt, ambamo Steve McQueen anaonekana akiendesha Mustang ya kijani katika vilima vya San Francisco, akifukuzana na Dodge Charger nyeusi kwa karibu dakika 11. Zilitumika Mustang mbili, namba zao zikifuatana kama mapacha: moja inaishia na 559, nyingine na 558. Ya kwanza ilipigwa picha za karibu. Ya pili ndiyo iliyorushwa na kugongwa. Baada ya filamu mapacha hao walitengana.

Ile ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1974 na mtu wa New Jersey, na mkewe, aliyekuwa mwalimu, akawa huenda nayo kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kuomba auziwe, akakataliwa. Gari likaja kuwekwa ndani kwa miaka mingi, na lilipoonyeshwa hadharani huko Detroit mwezi Januari 2018 lilikuwa na rangi yake iliyopauka, mikwaruzo yake na alama zilizoachwa na vishikizo vya kamera. Wenyewe waliamua lisipakwe rangi. Mwezi Januari 2020 liliuzwa kwenye mnada huko Florida kwa dola milioni 3.4, bila ya kuhesabu ada. Hapakuwa na rangi mpya ya kuweza kuliongezea thamani. Kila mkwaruzo ulikuwa shahidi.

Ile ya pili ilipotea. Mwaka 2017 ilipatikana Baja California, nchini Mexico, ikiwa gofu lenye kutu, haina injini wala giaboksi, imepakwa rangi nyeupe. Waliokuwa nayo walikusudia kuigeuza iwe nakala ya gari la filamu nyingine kabisa. Waliposoma namba iliyogongwa kwenye bati la ubavu wa injini ndipo wakajua walichokishika. Lau lile bati lingekatwa na kutupwa katika haraka ya kazi, gari lile lingekufa mara ya pili, na safari hii chini ya mikono ya watu waliokuwa wakilifufua.

Katika kisa hiki wapo watakaojifunza kwamba heri kuacha. Funzo hilo ni nusu. Pacha wa kwanza aliachwa kwa sababu alikuwa mzima. Aliwekwa pakavu, na mifupa yake ilimchukua. Pacha wa pili hakuwa na hiari hiyo. Kumwachia kutu yake kwa jina la uasili kungekuwa kumwachia kifo. Kuhifadhi na kutelekeza hufanana sana kwa mtu anayetazama kutoka barabarani, kwani katika yote mawili hapana nyundo inayolia. Watu wa Unguja wanalijua hilo kwa uchungu. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilisimama miaka mingi likionekana zima machoni mwa wapitao Forodhani, na tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiwa umeanza, sehemu kubwa ya mbele yake ikaanguka na roho za watu zikapotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta uliojengwa upya, hata ufanane namna gani, huulizwa swali ambalo ufa ulioziba haukuulizwa.

Leo swali hilo limekuwa gumu zaidi kwa wenye magari, kwa sababu karibu kila kipande cha Mustang ya zamani hutengenezwa upya. Sakafu nzima huuzwa ikiwa ndani ya sanduku. Hata bodi kamili ya mwaka 1967, ya bati jipya lisiloguswa na tone la mvua, hununuliwa. Mtu aweza kutwaa bodi hiyo, akaitia injini ya zamani na vioo vya zamani, na kilichobaki ni kishawishi kimoja: kuihamisha namba kutoka kwenye gofu na kuichomelea hapo. Sheria ya Marekani huadhibu kuchezea namba hizo kwa hila, kwa sababu mkato huo mdogo, usiozidi upana wa kiganja, hugeuza ukarabati ukawa ughushi. Bati lote jipya lingeweza kusamehewa lau mwenyewe angelisema kuwa ni jipya.

Hapo pwani ina neno la kusema. Jahazi hubadilishwa mbao mwaka baada ya mwaka. Hutolewa ubao uliotoboka, hutiwa mwingine, hupigwa kalafati, hupakwa deheni na sifa, likarudi majini na jina lilelile, na hakuna nahodha anayeulizwa kama hilo ni jahazi la babu yake au ni jingine. Mtepe wa zamani, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, ulikuwa lazima ushonwe upya kila baada ya muda, na kushonwa upya kulikuwa sehemu ya kuwa kwake mtepe. Hapakuwa na udanganyifu kwa kuwa kazi yote ilifanyika ufukweni, mchana, watoto wakitazama. Chombo kilibaki kuwa chenyewe kwa sababu mikono iliyokitengeneza ilifuata mkunjo wa mikono iliyokiunda, na haikuficha mshono.

Wapenzi wa tenzi za kale wanaijua kazi hii kwa jina jingine. Hati ya karne iliyopita huletwa, imeliwa na wadudu, wino umetawanyika kwa unyevu, na katikati ya ubeti pana tundu. Mhariri anayejua bahari za ushairi aweza kulijaza: mizani anaihesabu, kina anakiona, neno linalofaa linamjia ulimini. Aweza pia kulichapisha kimya, na msomaji asihisi chochote. Ubeti utatiririka, bao litapigiwa, na hiyo ndiyo puti. Yupo mwingine atakayelijaza tundu lilelile kwa neno lilelile, lakini akaliwekea mabano, akaeleza katika tanbihi kwamba hapa hati imeharibika na neno hili ni lake. Maneno ni sawa. Amana si sawa. Na wa tatu, aliyeona kuwa tundu ni kubwa mno, ataweka nukta na kupaacha, kama ile rangi ya kijani iliyopauka. Wafasiri nao wamo humo humo: lugha ngeni ni bati jipya lote, na kinachobaki cha mtunzi ni mpangilio wa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kukata.

Ndiyo maana mafundi walio bora miongoni mwa wakarabati wa magari hupiga picha kila hatua, wakahifadhi na vipande vilivyooza, ili mnunuzi ajue ni wapi chuma cha 1968 kinapoishia na cha jana kinapoanzia. Hawafanyi hivyo kwa kujitangaza. Wanajua kwamba gari litawapita umri, na kwamba siku moja fundi mwingine, asiyewajua, atalivua kapeti na kushika bisibisi. Huyo atazisoma kazi zao kama wao walivyozisoma za waliotangulia.

Kazi ya mwisho katika sakafu, baada ya rangi na baada ya gundi, ni kuyeyusha nta na kuipulizia kwa mrija ndani ya vizingiti na ndani ya mihimili iliyofungwa, mahali ambapo jicho halitafika tena maadamu gari lipo. Hakuna anayelipa zaidi kwa ajili ya nta hiyo, wala hakuna atakayeisifu. Fundi huingiza mrija katika tundu moja baada ya jingine, akasubiri mpaka tone litokeze kwa chini, ndipo ahamie la pili.